Bahasha ya Shangazi wa Rugu

Nilipoolewa, miaka ya hamsini, bahasha ilisomwa kabla ya kufunguliwa. Nianze kwa kulieleza hilo. Kwetu Kihanga, na katika vijiji vya Karagwe nilivyovijua, barua hazikufika mlangoni. Ziliachwa kigangoni, kwenye kanisa dogo la kijiji, na Jumapili baada ya sala katekista alisimama nje akasoma kwa sauti maneno yaliyoandikwa juu ya kila bahasha. Mwenye barua aliitika, "Nipo!" akapita mbele za watu kuipokea. Kwa hiyo ulichoandika juu kilikuwa salamu inayotolewa mbele ya kijiji kizima, na kijiji kizima kiliipima.

Bahasha za harusi yangu niliziandika mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kwa masista na mwandiko wangu ulisomeka. Nilinunua wino dukani Kayanga, nikaketi barazani, mama akinitajia watu huku akimenya ndizi. Hakujua kusoma, lakini adabu ya bahasha aliijua kuliko mimi. Mzee haandikwi jina tupu. Aliyezaa mapacha hutajwa kwa heshima hiyo, na ukiisahau ni kama umewakana watoto wake. Mwalimu hutajwa kwa kazi yake. Jina lisibanwe kule chini. Liweke katikati, uliachie nafasi, kama unavyompa mgeni kiti mbali na mlango. Ukikosea, usifute. Chukua bahasha nyingine, maana mtu asikute jina lake limekwanguliwa.

Na kila mji, yaani nyumba na watu wake, ulialikwa kupitia mwanamume wake: "Kwa Mzee fulani na jamaa yake." Mke, watoto na mama mkwe wote waliingia humo kwenye "na jamaa yake", na hakuna aliyelalamika.

Isipokuwa shangazi. Alikuwa dada mkubwa wa baba. Ndoa yake ilivunjika zamani, naye akajipatia kibanja Rugu, akapanda migomba na mibuni kwa mikono yake, akamlea mwanawe pale. Kaka yangu alipooa, bahasha ya kwenda kwa shangazi iliandikwa kwa jina la mwanawe, "na mama yake". Ilisomwa hivyo kigangoni Rugu. Shangazi hakuja harusini, na tangu hapo hakukanyaga kwetu. Baba alimtuma kaka akaombe radhi. Alirudi na jibu moja: "Mlinitaja mbele za watu. Nitajeni upya mbele za watu."

Harusi ya kaka ilipita bila yeye. Yangu isingewezekana. Kwa desturi yetu shangazi ndiye humshika bibi harusi mkono na kumtoa nyumbani, akamfikisha kwa mume na kukaa naye siku za mwanzo. Anayetoka bila shangazi huonekana kama mtu aliyefukuzwa, na wakwe watamkumbusha hilo kila mboga itakapozidi chumvi. Nami shangazi nilikuwa naye huyo mmoja tu.

Nikamwambia baba kwamba nitaandika jina lake peke yake, kama mwenye mji.

"Mwenye mji!" baba akasema. "Watu watacheka. Kila mji una mwanamume."

"Wa shangazi una mwanamume gani, baba?"

"Si ana mtoto?"

Mama hakuinua macho kwenye ndizi. "Huyo mtoto anayetumwa kuni? Ndiye mwenye mji?"

"Wewe nawe!"

"Mimi namenya ndizi tu, baba watoto."

Baba alimpenda dada yake. Alichoogopa ni vicheko. Mwishowe akasema, "Andika. Wakicheka, watatucheka wote."

Nikachovya kalamu. Katikati ya bahasha, kwa herufi kubwa kuliko zote nilizoandika siku ile, nikaweka: "Kwa Shangazi yangu Mkubwa," kisha jina lake la ubatizo na la ukoo, na chini yake, "Mwenye Mji, na jamaa yake. Rugu." Asipoitika, nitakuwa nimemtia aibu ya pili, na mimi nitatoka nyumbani bila mkono wa kushika.

Jumapili iliyofuata tulisubiri. Alasiri mwanawe, binamu yangu, akaingia uani na baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umenishusha cheo, binti mjomba!" akasema hata kabla ya salamu.

"Imesomwa?"

"Katekista kwanza alisita. Akaigeuza nyuma, kama vile jina la mwanamume limejificha huko. Mimi nikajua ni yetu, nikaanza kwenda mbele kuipokea kama kawaida."

"Halafu?"

"Halafu akaisoma! Yote, hadi 'Mwenye Mji'. Nikasikia nyuma yangu, 'Nipo!' Mama huyo, ananipita. Ananiambia, 'Rudi nyuma, wewe ni jamaa yangu.' Watu wakacheka!"

Baba akakaza uso. "Wakamcheka nani?"

"Mimi, mjomba! Mama walimpigia vigelegele."

Baba akaketi kwenye gogo, akacheka mpaka akafuta machozi.

Siku ya harusi nilikuwa ndani, nyasi mbichi zimetandazwa sebuleni, nikasikia vigelegele vikianzia njia panda. Nikachungulia. Shangazi alikuja mbele ya watu wake wote, na mwanawe alikuwa nyuma kabisa amejitwika mkungu wa ndizi. Baba hakumngoja mlangoni kama mwenye nyumba anavyomngoja mgeni wa kawaida. Alitoka mpaka mwisho wa migomba, akampokea kwa mikono miwili, akampa kahawa za kutafuna kabla ya mzee yeyote.

"Karibu, dada."

"Nimekaribia. Nimeitwa."

Akaingia moja kwa moja nilipokuwa, akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akaninyoosha kitenge begani.

"Simama wima. Unatoka na mwenye mji."

Akanishika mkono, mkono mgumu wa mtu aliyelima, tukatoka mlango wa mbele. Wakwe zangu walikuwa wameketi kwa safu uani, na walipomwona aliyenishika, wote wakasimama.