Jina Lililoandikwa kwenye Jalada la Santuri

Kabla hujacheka, ujue kwamba mtoto ninayemsimulia yuko hai, ana miaka minne, na asubuhi hii amenimwagia uji kwenye suruali. Sisimulii jambo la kuambiwa. Lilinitokea mimi, mchana, macho yangu wazi, na sikuwa nimeonja hata tone la pombe. Tena mimi ni mtu wa aibu. Mtu wa aibu akidanganya, uso wake unamsaliti kabla hajamaliza sentensi. Nitazame basi usoni unaponisikiliza.

Ninakusanya santuri. Si za kwaya, wala si zile za gitaa laini ambazo wazee wanapenda. Zangu ni za hevi-metali na panki, muziki wa magitaa mazito na ngoma za kukimbia, na mtu anayeimba kama nyumba yake inaungua. Mwanzoni mwa miaka ya tisini watu walikuwa wanahamia kaseti, na wazungu vijana waliofanya kazi kwenye mashamba makubwa ya chai walipokuwa wakirudi kwao waliacha santuri zao nyuma. Zikaja sokoni Litein. Akina mama walizilainisha kwa maji moto wakazikunja kuwa vyungu vya maua. Wengine walifunikia sufuria. Je, unaweza kufikiria uchungu wangu, kuona santuri nzuri ikifunika sufuria ya mboga?

Nilikuwa nazo tisa. Nilizipanga zikiwa zimesimama, kamwe si zimelala, ndani ya sanduku la mbao la kupakia chai, lile lenye karatasi ya kung'aa ndani. Gramofoni yangu ilikuwa ya betri. Betri zikichoka nilizianika juani juu ya paa la kibanda cha kuku, zikapata nguvu ya nyimbo tatu au nne. Nyimbo za panki ni fupi, nyingine hazifiki hata dakika moja na nusu, kwa hivyo nilizipenda zaidi siku za betri mbovu. Lakini sababu yenyewe ni nyingine. Mimi nikisimama mbele ya watu watatu sauti inapotea. Wale watu kwenye santuri walipiga kelele kwa niaba yangu.

Sasa sikiliza kilichokuwa nyumbani kwetu wakati huo. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na mke wa kaka yangu alikuwa karibu kujifungua. Kwetu sisi Wakipsigis, mtoto akizaliwa, wanawake wazee hukaa naye ndani ya nyumba, humwekea ugoro kidogo puani, halafu huita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Jina ambalo mtoto atalipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Ndiyo, tunaenda kanisani, na pasta hapendi. Lakini hufanywa mapema, kabla pasta hajapata habari. Mama alikuwa na neno moja tu mdomoni miezi yote ile: "Mzee atarudi." Alikuwa ameshaosha kiti cha baba.

Jumamosi moja nilishuka Litein. Mzee anayeuza vyuma na vitu vikuukuu alikuwa na santuri moja tu chini ya mabomba.

"Chamgei, kijana," akanisalimu. "Leo unatafuta kifuniko cha sufuria ya ukubwa gani?"

"Chamgei mising, mzee. Nataka kuona hiyo."

"Hiyo haina muziki. Nilisikia kidogo kwa jirani. Ni kama ng'ombe ameanguka juu ya mabati."

Ng'ombe juu ya mabati ndio muziki ninaotafuta. Nikainunua, nikaifunga ndani ya gunia safi, nikaanza kupanda kwenda nyumbani.

Saa kumi hivi mvua ya mawe ikanikuta. Anayeishi kwenye chai anaijua mvua hiyo. Nikakimbilia kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, banda la mabati na mbao lililo kando ya barabara. Siku hiyo hakukuwa na ununuzi, karani hakuwepo, sakafuni kulikuwa na majani mabichi machache tu yaliyobaki kutoka jana. Mawe yalipiga mabati mpaka nikacheka peke yangu, maana yalikuwa kama ngoma za panki.

Nikafungua gunia nione kama santuri imelowa. Jalada lilikuwa na vumbi zito, jeusi. Chini ya vumbi kulikuwa na maandishi ya kalamu. Mimi nilisoma mpaka darasa la nane tu, na mpaka leo siwezi kusoma nikiwa nimefunga mdomo. Nikasoma kwa sauti, herufi kubwa moja moja:

"KIMUTAI WA BOILA. USIGUSE."

Vumbi likaniingia puani. Nikapiga chafya.

Niliposhusha mkono kutoka usoni, kulikuwa na mtu amesimama upande wa pili wa banda. Niamini, hakuingia. Mlango ni mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Alikuwa mwanamume mrefu wa makamo, amevaa ovaroli, mikono yake ina masizi mpaka kwenye viwiko. Nje mawe yalikuwa yameanguka mpaka ardhi imekuwa nyeupe, na nguo zake zilikuwa kavu. Aliletea banda lile harufu ya kuni za mikaratusi, na joto. Nilisikia joto usoni kama nimefungua mlango wa tanuri.

"Usiishike hivyo," akasema.

Santuri ilikuwa imechungulia nje ya jalada, na vidole vyangu vilikuwa juu yake.

"Vidole vina mafuta. Shika ukingoni, kwa viganja viwili, kama unashika uso wa mtoto. Hivyo. Sasa inamisha kwenye mwanga. Unaona hapo mistari inang'aa zaidi? Hapo ngoma zinaingia peke yazo. Sindano ikifika hapo usipumue."

Je, wewe ungekimbia? Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukimbia. Ukweli ni kwamba katika maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuzungumza nami kuhusu santuri bila kunicheka. Aliniambia alivyofanya kazi kwenye boila, tanuri la mvuke la kiwanda cha chai, usiku na mchana, miaka mingi. Ile kelele ya boila inameza kila kitu. Wenzake waliweka nyimbo za mapenzi, wasisikie chochote. Kisha injinia kijana mmoja, mzungu, alimpa santuri ya kwanza.

"Nikaiweka," akasema, "na kwa mara ya kwanza kitu kikasikika juu ya boila. Nikajua, huu ndio wangu. Nikapata ishirini na saba. Hiyo uliyoshika niliipata ya mwisho, na ndiyo niliyoipenda zaidi."

Akaanza kuliimba gitaa lile kwa mdomo, huku akipiga paja. Sijasikia kitu kizuri namna hiyo. Mtu aliyejua wimbo mzima, kila kugeuka kwa ngoma, kwa mdomo tu! Nilitabasamu. Mimi, ambaye sitabasamu mbele ya mgeni.

Kisha akanyamaza, akanitazama.

"Umeniita kwa jina," akasema, "na mtu wa nyumba yenu amepiga chafya. Mtoto yuko wapi?"

Hapo nikakumbuka ugoro, majina, na chafya yangu. Nikaelewa nimefanya nini.

"Mzee," nikasema, na sauti ilikuwa nyembamba kama ya kifaranga, "hiyo ilikuwa vumbi tu."

"Siku zote ni vumbi tu. Hata ugoro ni vumbi." Hakukasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyesimama kwenye mstari muda mrefu. "Sitadhuru mtu. Sikuoa, kijana. Hakuna nyumba inayoniita. Baba yako ana watoto watatu wa kumtaja. Mimi nina hiyo uliyoshika."

Nilipaswa kusema hapana. Nilipaswa kusema nafasi ile ni ya baba yangu, na mama ameshaosha kiti. Maneno yalikuwepo, yalikataa kutoka. Alisubiri kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimekubali. Mvua ya mawe ikakatika ghafla, kama mtu ameinua sindano, na banda likawa tupu.

Pale aliposimama, nilikwenda kuangalia. Yale majani mabichi ya chai sakafuni yalikuwa yamekauka, yamejikunja, meusi, yameiva kabisa kama yametoka kiwandani. Majani ya kando yalikuwa bado ya kijani. Niliyachukua yale meusi nikayatia ndani ya kiberiti. Bado ninayo. Ukitaka, njoo unuse.

Jumatatu nilirudi kwa yule mzee wa vyuma, nikamuuliza santuri ilitoka wapi.

"Hiyo? Ni ya marehemu Kimutai wa boila. Nduguye aliniletea vitu vyake. Jamaa mpole sana yule, lakini na muziki wa kichaa. Homa ya mapafu ilimchukua. Mimi nilikuwa kati ya waliochimba kaburi." Akanitazama vizuri. "Kwa nini umesawijika hivyo? Kifuniko hakikutosha sufuria?"

Sikumwambia. Sikumwambia mtu yeyote. Nilijidanganya kwamba nikinyamaza, jambo litapita, na baba atakuja kwa njia yake.

Siku kumi na moja baadaye mtoto alizaliwa alfajiri, mvulana. Mama aliita wanawake, na Kogo Taplelei, bibi mzee kuliko wote kijijini, akakaa na mtoto magotini. Wanaume hatuingii. Mimi nilikaa nje nyuma ya ukuta, karibu na ndama, nikasikia kila kitu kupitia mbao.

Walianza na jina la baba. Mama aliliita mwenyewe. Kimya. Wakaongeza ugoro. Wakaliita tena, na tena. Kimya. Wakaita babu, babu wa babu, wajomba, ndugu aliyefia jeshini. Jua likapanda. Mtoto hakupiga chafya, hakulia, hakunyonya. Nilimsikia Kogo akisema polepole, "Huyu anapoa mikononi mwangu. Kuna mtu tumemsahau."

"Hatujasahau mtu!" mama akasema. "Mwite mzee tena!"

Wakamwita baba tena. Nilimsikia mama akianza kulia. Nilikuwa nimeuma kola ya shati langu mpaka imelowa. Fikiria: nikisema, namnyang'anya mama mume wake mara ya pili. Nikinyamaza, mtoto anapoa.

Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kufanya kabla wala baada ya siku ile. Nilijaza kifua, nikaweka mdomo kwenye ufa wa ukuta, nikapiga kelele kama wale watu wa santuri zangu, kelele ya kutoka tumboni, mpaka ndama akakata kamba:

"KIMUTAI WA BOILA!"

Mtoto akapiga chafya. Moja, kubwa, kama ya mtu mzima. Halafu akalia, na kilio chake, nakuapia, kilisikika mpaka kwenye kituo cha majani.

Ndani hakuna aliyepiga kigelegele. Kisha Kogo Taplelei akauliza, "Kimutai ni wa nani?" na mama akatoka nje kunitazama.

Nilimweleza yote. Hakunipiga. Ingekuwa afadhali angenipiga. Alisema tu, "Umempa mtu wa njiani kiti cha baba yako," akaingia ndani, na mwezi mzima hakunipa chai kwa mkono wake.

Siku moja alikuja mlangoni kwangu na kile kiti cha baba, akakiweka chini, akakikalia. "Weka hiyo kelele," akasema. "Nataka kujua ni nani amekuja kwangu." Nikaweka santuri, betri zikiwa mpya. Alisikiliza upande mzima, mikono magotini, kama anasikiliza mahubiri. Sindano ilipofika pale mistari inapong'aa, na mimi nilikuwa sipumui, akasema, "Huyu hakuwa na mtu wa kuzungumza naye." Alipoinuka alikiacha kiti pale pale. Mtoto ndiye anayekikalia sasa.

Na mtoto? Mpole, hana shida. Ila mimi sijawahi kumfundisha kushika santuri, nakwambia kweli, na hakuna mwingine wa kumfundisha. Alipokuwa na miaka miwili nilimkuta amefungua sanduku. Alikuwa ameinua ile ya Kimutai kwa viganja viwili, ukingoni, vidole vimenyooka nje, na alikuwa akiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

Mke wa kaka ana mimba tena. Mama ameweka kufuli kwenye sanduku langu, na ufunguo anauvaa shingoni mpaka siku shemeji atakapojifungua. Sikubishana. Baba bado anasubiri zamu yake.

Wewe unayenunua santuri za zamani, endelea, ni kitu kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Lakini pangusa vumbi kwanza kwa kitambaa chenye unyevu, nje, upepo ukiwa mgongoni. Na ukikuta jina la mtu limeandikwa kwa kalamu, lisome kwa macho, mdomo ukiwa umefungwa. Kama huwezi, kama mimi, basi shika pua.