Mbuzi Mmoja kwa Kila Raundi

Baba yangu hakuwahi kuniona nikikimbia kabla ya siku alipojifunga mbele ya watu kwamba atatoa mbuzi mmoja kwa kila raundi nitakayomaliza. Angalijua, asingaliapa. Mbele ya wanaume nilitembea kama wasichana wengine wa Kisomali wa Isiolo, macho chini, mtandio umefungwa sawasawa. Kukimbia nilikimbia kule korongoni, nyuma ya mbuzi wa mama, mahali ambapo hakuna aliyenitazama ila mbuzi wenyewe. Alichojua baba ni kwamba utotoni niliugua kifua, nikakohoa mwaka mzima hadi majirani wakaanza kumpa pole kabla sijafa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa darasa la saba. Kiangazi kilikuwa kimemaliza ng'ombe, na huko Sericho pampu ya shule ilikuwa imeharibika, watoto wanaacha masomo kwenda kutafuta maji. Shule yetu ikaamua kukimbia ili wanunuliwe tangi. Utaratibu ulikuwa mwepesi kueleweka: kila mtoto atafute mtu wa kuahidi kitu kwa kila raundi, kisha akimbie mpaka ashindwe. Ukitembea au ukikaa, umetoka. Raundi yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilianzia lango la shule, ikapita soko la mifugo, ikazunguka mtaa wa Wabera na kupita mlangoni petu, ndipo ikarudi shuleni kwa barabara kuu.

Wazazi waliitwa mkutanoni. Wenye maduka waliahidi shilingi, wakapigiwa makofi. Baba alikaa nyuma kabisa. Lori lake lilikuwa limewekwa juu ya mawe, halina magurudumu, na mtu mwenye lori bovu hasemi sana mkutanoni. Lakini jirani yetu mwenye bucha, ambaye mzaha wake haukuwa na siku ya kupumzika, akamgeukia.

"Na wewe, mzee? Hiyo msichana yako ya kifua itakimbia, ama itasukumwa na wilbaro?"

Watu wakacheka. Baba akasimama. "Mimi natoa mbuzi moja kwa kila raundi. Wallahi."

Kicheko kikakatika. Babu alikuwa askari wa zamani wa Mwingereza na alimlea baba kiaskari. Kula kiapo halafu kukirudisha ni jambo ambalo baba asingeliweza hata kwa kulipwa. Wala sidhani aliona hatari yoyote. Alikisia kwamba nitafika raundi ya pili, nitakohoa, na yeye atakuwa amemziba mdomo mwenye bucha kwa mbuzi wawili. Alisahau jambo moja tu, kwamba mbuzi hawakuwa wake. Kwetu mnyama wa maziwa yuko mikononi mwa mama wa nyumba. Mama alibakiwa na kumi na wawili baada ya kiangazi, na kati yao watatu tu ndio waliokuwa wakikamuliwa. Maziwa hayo aliyauza kila asubuhi mjini, na ndiyo yaliyotulisha tangu lori lisimame.

Mama hakugombana naye. Ningefurahi kama wangegombana. Asubuhi ya mbio alinisuka nywele akizivuta kuliko kawaida, akasema kwa sauti ya chini, "Hooyo, kimbia tatu. Wale mabeberu wawili na yule tasa, hao waende. Ukimaliza ya tatu, kohoa, ukae chini."

Hooyo maana yake mama. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa cheo chake yeye mzazi, kwa hiyo mama aliniita hooyo, na baba akipenda huniita aabo. Baba hakupenda mara nyingi.

"Sawa," nilimjibu mama, na nilikusudia kutii.

Tulianza kabla jua halijawa kali, mimi pekupeku, suruali ndefu chini ya gauni la shule. Nilipopita mlangoni petu niliwaona mbuzi wote bomani, kwa maana siku hiyo mama hakuwatoa kwenda malishoni. Beberu mweupe alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma akitafuna ua wa boma. Huyo, kwaheri. Raundi ya pili nikamuaga mwenzake mwenye pembe iliyovunjika. Ya tatu, yule tasa.

Nikikaribia lango nilianza kuandaa kikohozi. Mama alikuwa amekaa na wanawake kwenye kivuli cha madarasa. Aliponiona akakohoa yeye, mara mbili, ndani ya shali yake. Upande wa pili baba alikuwa na wanaume, anatazama viatu vyake. Mwenye bucha akapaza sauti ili nisikie. "Sasa angalia. Hii inakaa chini sasa hivi."

Mimi nina hasira za karibu, mpaka leo. Nikapita bila kusimama.

Nilipofika kona ya soko ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimeianza raundi ya nne, na kuna mbuzi ambaye lazima aende. Nikamchagua yule mzee aliyeng'oka meno, nikajiambia kwamba huyu hata hivyo asingemaliza mwaka, na kwamba langoni nitakohoa. Langoni mama akakohoa kwa nguvu zaidi. Mwenye bucha akasema neno jingine, na mimi nikapita tena.

Kuanzia hapo nilikimbia nikichagua. Kila nilipofika bomani niliwatazama na kumtoa mmoja moyoni, nao wakainua vichwa, maana walizoea kuniona pale nikija kuwafungulia. Mwenye kilema cha mguu. Wale ndugu wawili wa madoa. Nilikuwa naogopa kurudi nyumbani kuliko nilivyokuwa naogopa kuanguka. Lakini katika raundi ya tano baba aliacha kutazama viatu, na ya sita akawa amesogea mbele ya wenzake. Sikuwa nimewahi kutazamwa hivyo na baba yangu, na nilitaka zaidi. Ya saba mama hakukohoa tena. Alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Raundi ya tisa ilimchukua jike mchanga ambaye hajazaa. Bomani sasa, kwa hesabu ya moyo wangu, walibaki wale watatu wa maziwa. Mmoja wao alizaliwa na mbuzi ambaye mama alimnunua nilipokuwa mgonjwa, akawa ananinywesha maziwa yake ya moto kila alfajiri mpaka kifua kikapona. Pumzi niliyokuwa nikikimbia nayo ilitoka kwenye kiwele kile.

Tulikuwa tumebaki wawili tu barabarani, mimi na mvulana mmoja Mturkana, tena yeye alishaanza kuyumba. Ndipo nikamwona baba. Alikuwa ameacha wanaume, ametoka nje ya lango, kofia mkononi, na nilipomfikia akaanza kukimbia kando yangu na makubadhi yake, mbele ya mji mzima.

"Endelea, aabo," alikuwa akisema. "Aabo, endelea."

Alikuwa amesahau mbuzi kabisa. Na mimi nilikuwa na pumzi. Ningeweza kukimbia mpaka adhana ya adhuhuri. Nyuma ya baba mama alikuwa amesimama, mikono imening'inia.

Nikavuka mstari wa langoni, nikakohoa. Nilikohoa kama nilivyokohoa utotoni, kutoka chini kabisa, nikakaa vumbini.

Baba alipiga magoti karibu nami, akanishika mgongo. "Kifua," akasema. "Ni kifua kile kile." Hakuwa na hasira. Alikuwa ananihurumia, na huruma ile iliniuma kuliko kipigo.

Mama aliwapeleka mbuzi wale tisa shuleni mwenyewe na kurudi na kamba. Mwenye bucha ndiye aliyewanunua. Tangi lilifika Sericho juu ya lori la mtu mwingine, na baba akasimama barabarani kulitazama likipita.

Muhula ule ule mwalimu wa michezo alikuja kwetu jioni, wakati wa kukamua. Baada ya habari za nyumbani alisema ananitaka kwa mashindano ya wilaya.

"Mwalimu, ningekubali," baba akamjibu kwa upole. "Shida ni kifua. Wewe uliona na macho yako."

"Mzee, mimi niliona msichana hajachoka." Mwalimu akanigeukia. "Sema ukweli. Ulikuwa umechoka?"

Nyuma yangu mama alikuwa anakamua, maziwa yanapiga bati. Yakanyamaza. Baba alikuwa ananitazama, na niliona wazi kwamba angefurahi mno kuambiwa amekosea. Lakini angeuliza, kama hukuchoka, mbona ulikaa?

Nikakohoa.

"Umesikia, mwalimu," baba akasema. Baada ya kitambo maziwa yakaanza tena kupiga bati.