Menyu Iliyosubiri Sala

Nikiri mapema: mimi ndiye niliyeigawa kompyuta ya baba mkubwa vipande viwili, kisha nikamwambia ni vumbi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo nyumbani kwake Kijenge. Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu na mzee wa kanisa. Kompyuta aliinunua miaka ile ambapo kila kilichochoka Ulaya kilikuwa kinashushwa Arusha kwa makontena. Aliitumia kuandika kitabu cha mazoezi ya hesabu ya darasa la saba, kwa kuwa sasa mtu yeyote mwenye ubavu aliruhusiwa kuchapa vitabu vya shule. Mimi ruhusa yangu ilikuwa kuifuta vumbi tu. Nikiichezea, alisema, narudi Kikwe kumkatia bibi majani ya ng'ombe mpaka matokeo yatoke.

Kikwe si mbali. Ila kwa bibi hakukuwa na umeme, na ng'ombe wake watatu walikula kama kumi.

Basi kijana mmoja wa intaneti kafe ya Levolosi akanipa sidi yenye mfumo mwingine wa kompyuta, wa bure, akanisimulia sifa zake mpaka mikono ikaniwasha. Siku baba mkubwa alipokwenda kwenye kikao cha usharika, nikaigawa diski: nusu yake na kitabu chake, nusu yangu. Kitabu kilibaki salama. Nilikagua mara nne.

Tatizo likawa menyu. Mashine ikiwashwa, kabla ya kitu kingine chochote ilileta orodha ya mistari mitatu: wa kwanza mfumo wangu, wa pili mfumo wangu wa dharura, wa tatu mfumo wake. Usipochagua ndani ya sekunde kumi, ilifungua wa kwanza. Nikamweleza kwamba vumbi limeingia ndani, kwa hiyo siku hizi inabidi ashuke mpaka mstari wa tatu. Alinitazama, akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Baba mkubwa hakuanza kazi yoyote bila sala, hata kama ni kufungua kopo la rangi. Alibonyeza kitufe, akavua kofia, akafumba macho. Alipofumbua, sekunde kumi zilikuwa zimekwisha zamani, na skrini nyeusi tii ilikuwa inamwuliza jina, kwa Kiingereza.

Akaandika jina lake. Ikakataa. Akaandika majina yote matatu, akatanguliza Mwalimu. Ikakataa.

"Nyumbani kwangu," akasema taratibu, "naulizwa mimi ni nani."

"Ni vumbi, Baba."

Nikakimbia Levolosi. Yule kijana akanieleza kuna faili dogo la kupanga menyu: namba moja ndani yake ni ya mstari utakaofunguka wenyewe, nyingine ni ya sekunde za kusubiri. Niliandika kila hatua kwenye daftari, hata neno langu la siri, kwa akili za wakati ule. Mstari wake ulikuwa wa tatu, nikaweka 3. Nikawasha, ukafunguka wangu. Nikaweka 3 tena, safari hii nikibonyeza kwa nguvu. Wangu. Nikaamua ile namba ni mbovu, nikahamia kwenye sekunde.

Ndipo nilipoanza kupima sala. Nilisimama nyuma yake na kitambaa mkononi, macho kwenye saa ya ukutani. Jumatatu alitumia dakika moja na nusu; nikaweka sekunde mia. Jumanne akawaombea wagonjwa wa usharika, nyumba kwa nyumba. Nikaweka mia mbili. Jumatano alikuwa amegombana na mama mkubwa juu ya chumvi, akasali sekunde ishirini kwa hasira, na akaikuta menyu ikimsubiri. Kusema kweli nilitamani wagombane kila asubuhi.

Alhamisi akasali kwa sauti.

"Na huyu binti, Bwana. Mkono wake mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Lakini kichwa anacho. Matokeo yake yakija, asiaibike."

Nilisahau kuitazama saa. Nilipatwa na aibu ya kweli, ya kutaka kupiga magoti nikiri yote. Ilidumu kama dakika nzima. Kisha nikaenda kuweka sekunde mia tatu.

Ijumaa aliwasha mashine, akafumba macho, nami nikasogea na kitambaa changu. Menyu ikaja. Mstari wa kwanza, ule wangu, ulikuwa umeandikwa upya kwa herufi kubwa: VUMBI.

Sala ikaisha, akakaa mikono magotini bila kugusa kitu. Tulizitazama sekunde zikipungua, yeye na mimi, mpaka zikaisha. Ukafunguka mfumo wake, wenyewe, na kitabu chake cha hesabu ndani.

Akavuta daftari langu kutoka chini ya kibodi. Lilikuwa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Ile 3 ilikuwa imekatwa, pembeni ameweka 2. "Mashine inaanza kuhesabu kwenye sifuri," aliandika. "Jaribu namba zote kabla ya kulaumu." Alama: sita juu ya kumi.

"Ulijua lini, Baba?"

"Siku ile ile. Vumbi haliandiki Kiingereza."

"Na sala ya jana?"

"Ilikuwa ya kweli." Akavaa kofia. "Ila niliirefusha kidogo, nione utafika sekunde ngapi. Kapange nguo zako."

Nikaenda Kikwe. Nilikata majani siku nane, nikawachukia wale ng'ombe mmoja mmoja. Siku ya tisa, nikiwa na mzigo kichwani, nikamwona baba mkubwa anaingia uani kwa bibi, suti ya kanisani, daftari langu kwapani. Nilidhani matokeo yametoka, nikaangusha majani.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba." Alikohoa, akatazama ng'ombe, akatazama banda, akatazama kila kitu isipokuwa mimi. Kalamu yake nyekundu ilikuwa imetokeza mfukoni, na vidole vilikuwa na wino.

"Menyu haiji kabisa," akasema mwishowe. "Nadhani ni vumbi."