Waliogawa Handaki kwa Zamu za Sauna

Hilkka Rautavirta alifua mashuka ya hospitali mjini Kuopio hadi alipostaafu, na kila Ijumaa jioni ilikuwa zamu yake kwenye sauna ya jengo, chumba cha kuogea mvuke. Wapangaji wa orofa ya juu hawakuwa na zamu. Walihesabiwa kuwa watu wa kuja na kuondoka, na hakuna aliyeona vibaya.

Kisha likaja lile bomu jipya. Wakubwa walilitangaza bila haya: linaharibu hewa ya mji mzima na kuua kila kinachopumua, lakini nyumba zinabaki zimesimama. Yaani kuna mtu mwenye akili timamu aliyekaa, akanywa kahawa yake, akafikiria namna ya kuokoa kuta.

Handaki la chini ya jengo lilikuwa na mtambo wa kuchuja hewa. Torsti, mwenyekiti wa jengo, akasema nafasi ni finyu, hivyo wataingia wenye zamu za sauna. Mkutano ukakubali kwa utulivu, kama watu wanaochagua rangi ya ngazi. Hilkka peke yake alipinga. Aliposhindwa, akataka nafasi yake apewe Suvi, mpangaji wa juu mwenye mtoto mchanga. Hapo wakamsifu kwa moyo wake mwema, na sifa hizo zikamchefua kuliko kura yenyewe.

Siku ya mazoezi king'ora kilipolia, Suvi aliingia na mtoto. Hilkka akaketi kwenye ngazi, kando ya mlango wa chuma, ikabidi kila mtu apite ubavuni mwake.

"Ingia bwana, Hilkka, usituaibishe," Torsti akamnong'oneza. "Nafasi ya mtu mmoja haikosekani."

"Haikosekani leo, au haikukosekana hata siku ile ya mkutano?"

"Wewe ni mwenzetu."

"Na wale wa juu wanapumua nini, Torsti? Moshi?"

Nyuma ya Torsti viti vitupu vilionekana wazi, na Suvi naye aliviona. Akatoka na mtoto, akaketi karibu na Hilkka. Hilkka akamfokea arudi ndani upesi.

"Nitarudi na majirani zangu," Suvi akasema.

Torsti alishika mpini wa mlango, akawatazama wale wawili na mtoto, akashindwa kuufunga. Mwishowe akapanda orofa ya juu, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Wapangaji waliposhuka, Hilkka aliwasogelea, akaingia nao. Torsti alingoja neno la shukrani. Hakulipata.