Siku Usukani Uliponikalia Mapajani

Waliosema Godi hafiki popote walikuwa wengi, na Jumamosi moja niliwapa ushahidi mbele ya matarumbeta. Sioni fahari kusimulia, na kama video yake isingekuwa imeshafika kwenye kila grupu la ukoo kuanzia Temeke mpaka Moshi, ningekaa nayo kimya hadi kaburini.

Lakini kabla hamjacheka, mjue kwanza nilikotoka. Walisema sitafika Durban, nikafika. Wakasema nitarudi na begi la nguo na stori, nikarudi na diploma ya umeme wa magari (iko sebuleni, kwenye fremu ya kioo, ukiingia tu unakutana nayo), nikajenga Mbagala, nikanunua na gari la porini, lile la juu, magurudumu yote manne yanavuta, likipita mtaani kwetu kuku wanahama upande. Shemeji yangu Elia, mume wa dada yangu mkubwa, mwalimu mstaafu asiyependa makelele, alilizunguka siku ya kwanza mikono mgongoni akasema, "Gari zuri, shemeji. Sasa nani ataliendesha?" Hilo neno nililiweka moyoni.

Sasa ikaja harusi ya Neema. Neema ni mtoto wa marehemu kaka yetu, kwa hiyo swali la ukoo likawa nani atamshika mkono kumwingiza kanisani. Dada akamtaja Elia, kwa sababu miaka yote nikiwa Durban ndiye aliyekuwa akienda kwenye vikao vya wazazi shuleni kwa Neema. Nikasimama kwenye kikao, nikawaambia baba mdogo nipo hai, nitamtoa binti saluni Temeke kwa gari langu, nitamfikisha kanisani Kawe, na mkono nitamshika mie mpaka mbele. Neema akacheka. "Mie namtaka bamdogo," akasema. "Ila bamdogo, usinicheleweshe. Padre ana harusi nyingine nyuma yetu, ukichelewa anaanza na wenzetu, mie nakaa nje kusubiri na shela langu."

"Mwanangu," nikamwambia, "unaongea na mtu aliyeendesha gari Durban."

Gari lilikuwa na kaugonjwa kamoja, na sitajifanya sikukajua, maana mwenye diploma hawezi kujificha hapo. Chini ya usukani kuna kikomeo kinachouwezesha kupanda na kushuka upendavyo, halafu kinaukaza usitikisike. Changu kilikuwa kimelika meno, kwa hiyo ukipiga shimo usukani unashuka wenyewe kama mzee anayesinzia. Tena kiti cha dereva, kile cha kusogea kwa umeme, kilikuwa kimegoma kurudi nyuma (najua, najua, diploma ya umeme wa magari, na kiti cha umeme hakisogei, endeleeni kucheka). Kubadilisha kikomeo ni kazi ya siku nzima, na siku niliyoipata niliitumia kung'arisha rimu. Nikachonga kabari ya mninga, nikaipachika chini ya usukani, ukatulia. Nilikwenda nayo mjini na kurudi wiki kadhaa bila wasiwasi, nikaanza hata kuamini kwamba kabari yangu ni bora kuliko kikomeo cha kiwandani.

Asubuhi ya harusi nikafika saluni, suti ya bluu, gari linang'aa, maua mbele. Kijana wa video akaingiza kamera dirishani, akakunja uso. "Braza, hicho kijiti kinaua picha. Gari la maana hivi, chini ya usukani kuni?"

Nikaitoa. Hivyo tu, ndugu zangu, sekunde moja, nikaitupa nyuma kwenye makreti ya soda.

Nikapanga na msafara. Mbele pikapu ya matarumbeta, halafu mie na bibi harusi na matroni wake, kijana wa video pembeni yangu, halafu magari mengine kwa ukubwa wake, na shemeji Elia, mwenye kigari cheupe kidogo kama sahani ya sabuni, nikamwambia akae mwisho kabisa ili asiharibu mpangilio. Hakubisha. Akasema, "Sawa shemeji, mwisho ni pazuri, naona wote."

Tukaondoka Temeke, tukapita Buguruni, watu wanasimama kutazama, mie naushikilia usukani kwa goti kila penye matuta, na kwa kweli ulikaa sawa. Ndiyo maana tulipofika kwenye kipilefti cha karibu na kanisa, na muda bado tunao, nikapata wazo. Kwa kawaida bibi harusi anazungushwa kipilefti baada ya ndoa, hilo kila mtu analijua, lakini watu wa Kawe walikuwa wamejaa pembeni na mie nilitaka watu wa Kawe wanione. Nikawapigia honi wenye matarumbeta: zungukeni kwanza. Kijana wa video akashuka apige picha kwa nje, kiti cha pembeni yangu kikabaki kitupu. Nikakata kona kulia, kubwa, ya madaha, na usukani ukashuka wote ukanikalia mapajani.

Sio kushuka kidogo. Ulinibana mpaka nikahisi mishono ya suruali inaniaga. Mimi ni mtu wa mwili (Durban kulikuwa na nyama), kiti hakirudi nyuma, na usukani umekazwa na mapaja yangu mwenyewe ukiwa umekata kulia. Mguu nimeuondoa kwenye mafuta, lakini kuunyanyua uende kwenye breki nahitaji kupandisha goti, na goti lina usukani juu yake. Gari ni otomatiki, usipokanyaga breki linajiendea lenyewe taratibu. Basi tukawa tunazunguka. Taratibu, kwa heshima, kama tulivyofanyia mazoezi.

Hendibreki ilikuwa pale pale kiunoni, na hapa ndipo panaponiuma. Ningeivuta mwanzo ule ule ingekuwa kituko cha dakika moja. Lakini vigelegele vilikuwa vimepanda, tarumbeta kubwa linaunguruma, bibi mmoja pembeni anatupa khanga hewani, nikajiambia raundi moja tu, nitaunyanyua kwa mikono miwili na hakuna atakayejua. Nikanyanyua. Ukapanda kidogo, ukanirudia kwa nguvu zaidi.

Raundi zikaendelea. Msafara wote unanifuata, kipilefti kimejaa, magari ya watu wengine yanapiga honi za hasira, zinachanganyika na honi za furaha, huwezi kujua nani anatupongeza na nani anatutukana.

"Bamdogo," Neema akaita kutoka nyuma, "imetosha sasa, wametuona."

"Bado upande huu hawajaona vizuri."

"Upande huu tumeupita tangu matroni hajanywa soda yake. Ameimaliza."

Jasho likaanza kuniingia machoni. Neema akainama akachungulia katikati ya viti, akauona usukani, akayaona mapaja yangu. Kisha kwa sauti ndogo kabisa akauliza, "Bamdogo, hili gari unaliendesha wewe?"

"Kwa sasa hapana."

Akapitisha mkono, glovu nyeupe mpaka kwenye kiwiko, akaivuta hendibreki. Gari likasimama kwa mshindo katikati ya njia, pikapu ya matarumbeta ikiendelea kuzunguka peke yake, maana hao kazi yao ni kupiga.

Trafiki akafika dirishani, mwanamama mwenye subira kuliko nilivyostahili. "Mzee, shuka tuongee."

"Afande, siwezi."

"Hutaki au huwezi?"

"Siwezi, afande. Nimebanwa."

Akachungulia. Akageuka kwanza pembeni, mabega yakimtikisika, kisha akarudi na uso wa kazi. Magari yote ya msafara yalikuwa yamenaswa ndani ya mzunguko, hakuna wa kutoka wala kuingia, isipokuwa moja ambalo kwa kuwa lilikuwa la mwisho halijaingia kabisa. Shemeji Elia alikuwa amekiegesha kigari chake pembeni, anakuja kwa miguu. Hakusema neno kuhusu gari. Alisema tu, "Padre amepiga simu. Akitoka sakristia tusipokuwepo, anaanza na wenzetu."

Neema hakushuka. "Tumsubiri bamdogo," akasema. "Watamtoa."

Nikamtazama kwenye kioo, poda yake imeanza kupata mifereji, na nikajua akiendelea kunisubiri atakaa nje ya kanisa na shela lake kama alivyoogopa. Sijawahi kusema sentensi nzito kama ile. "Nenda na shemeji, mwanangu. Akushike mkono yeye."

Akashuka, akabeba gauni lake akapita kati ya magari, akaingia kwenye ile sahani ya sabuni, shemeji akaigeuza akapita njia ya mtaani.

Mie nilitolewa na wapiga matarumbeta wanne walionyanyua usukani huku trafiki akinivuta kwapani, mmoja wao akavua mkanda wake wa suruali akaufungia usukani juu ili gari lisogezwe. Bodaboda mmoja akanipeleka kanisani bila kuniuliza nauli. Nilipoingia, Neema alikuwa ameshaapa. Nilisimama nyuma kabisa, kati ya wageni wa harusi inayofuata, suruali imepasuka pajani, mama mmoja akanihurumia akanipa programu ya harusi yao.

Kikomeo kipya nikakifunga kwa mikono yangu wiki ile ile, na kiti nikakitengeneza (kumbe ni waya tu). Kisha nikaanza kurudisha nilivyoazimwa. Mkanda nikaurudisha kwa mwenyewe, pamoja na mwingine mpya. Bodaboda nikamtafuta kijiweni kwake nikamfungia taa zote upya. Trafiki nilimpelekea pole ya mdomo, maana kingine angenikamata.

Elia nikamwacha wa mwisho. Nilimkuta barazani kwake anasoma gazeti, nikamwambia shikamoo, jambo ambalo nilikuwaga silifanyi. Akaitikia, akanisogezea kiti.

"Unajua tulitembea polepole sana kule kanisani," akasema. "Padre anatazama saa, kinanda kimerudia wimbo. Neema alinibana mkono, kila hatua ananiambia, mjomba polepole, labda bamdogo atatokea mlangoni."

Nikamwomba ufunguo wa kigari chake. Nikavua shati, nikaingia chini, nikakagua usukani wote kuanzia juu mpaka kwenye magurudumu, breki, taa, mikanda ya viti, jua linaniwakia miguuni, yeye amekaa ananitazama bila kuuliza. Hakikuwa na ubovu wowote. Nikakaza kila nati hata hivyo.