Daftari la Sukari

Jina alilozaliwa nalo lilikwishasahaulika ofisini. Walimwita Bi Vijiko, na sababu walikuwa nayo. Miaka ishirini na mbili alipika chai kwenye ofisi ya mkandarasi, ghorofa ya tatu, na hakuna aliyeingia mlango ule asijue vijiko vyake vya sukari. Uje leo mara moja, urudi baada ya miaka miwili, atakuletea kikombe chako vilevile ulivyokipenda, wala hakuulizi. Kuna waliojaliwa sauti ya kuimba. Yeye alijaliwa hicho.

Kuandika alianza kwa hasira. Mwaka wake wa tatu kazini, mtunza stoo alimzushia kuwa anaiba sukari, akakatwa nusu mshahara. Hakulia, hakugombana. Alinunua daftari, na tangu siku hiyo kila sinia iliyotoka jikoni iliandikwa: tarehe, chumba, nani kanywa, vijiko vingapi. Mgeni asiyemjua alimwandika kwa sura: "mnene wa miwani", "yule wa kikohozi". Daftari likijaa analitia kwenye kopo la biskuti chini ya sinki, anaanza jingine. Nani tena angethubutu kumwita mwizi!

Basi Jumatatu moja asubuhi anafungua mlango wa nyumba yake, vyumba viwili na uani, anakuta karatasi imebandikwa. Binti yake, fundi cherehani mwenye mimba ya miezi saba, akaisoma kwa sauti, kisha akaisoma tena polepole. Nyumba itapigwa mnada baada ya siku kumi na nne. Mwenye nyumba, mkurugenzi na mmiliki pekee wa kampuni ya mchanga na kokoto, hajalipa kodi miaka tisa.

"Mama, una kampuni?"

"Nina birika."

"Hapa wanasema umeiuzia serikali kokoto za barabara tatu."

"Kokoto ninazozijua mimi ni za msingi wa nyumba hii, na baba yako alizisomba kwa toroli."

Wakacheka. Jamani, mtu afanyeje kama si kucheka? Halafu binti akamtazama mama yake. "Hujawahi kusaini kitu?"

Alikuwa amesaini. Kila mwisho wa mwaka bosi alimwita ofisini kwake, akamkalisha kwenye kiti cha ngozi, akamwambia, "Bi Vijiko, leo na wewe unywe chai na sisi." Akatoa karatasi za bonasi, akamwonyesha pa kuweka sahihi. Kitambulisho chake kilitolewa nakala, na jioni akarudi nyumbani na mfuko wa unga na ndoo ya mafuta ya kupikia. Kusoma alijua, tena vizuri. Lakini nani anasoma karatasi na bosi amesimama pembeni na kalamu mkononi?

Alikwenda kwa bosi siku hiyohiyo. Bosi akafunga mlango, akavuta kiti karibu.

"Usitie shaka, Bi Vijiko. Watakuita. Waambie karatasi ulipewa na yule mhasibu wetu wa zamani."

"Si alishakufa yule?"

"Ndiyo maana. Marehemu hana kesi. Hiyo nyumba wakiichukua, nitakujengea nyingine."

"Bosi, nyumba ile mume wangu aliijenga kwa mikono yake."

Bosi akashusha pumzi. "Na mume wako alizikwa na nani?"

Alijua pa kumshika. Mumewe alikuwa mwashi, alianguka kwenye jukwaa la ujenzi, kazini kwa bosi huyuhuyu. Bosi alinunua jeneza zuri, la mbao ngumu na vishikio vya shaba, akakodi na gari la mazishi. Bi Vijiko aliibeba fadhila hiyo miaka minane. Shule moja ilimwita akawe mpishi mkuu, mshahara mara mbili, akakataa; angemwachaje mtu aliyemsitiri siku ile? Kila asubuhi kikombe cha kwanza kilikuwa cha bosi. Alikifuta kwa kitambaa chake mwenyewe.

Usiku binti hakumwacha. "Mama, sema ukweli. Mficha uchi hazai."

"Wewe unayezaa, lala."

Lakini asubuhi, kabla ya kwenda ofisi ya kodi, alipitia jikoni kazini akalichukua lile kopo la biskuti. Ungemuuliza kwa nini, asingekujibu. Alilipakata kwenye basi, binti ameketi ubavuni kwake.

Afisa wa kodi alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, mezani ana jalada nene la kuinua kwa mikono miwili. Alimsalimia kwa adabu, akamkaribisha kiti, mlango ukabaki wazi kwa sababu ya joto.

"Mama, mimi naona kabisa hii ni kampuni hewa. Lakini sheria inalijua jina lililo kwenye karatasi, na jina ni lako. Usiponiambia nani alikuwa nyuma yako, siwezi kuzuia mnada. Nani alikupa hizi karatasi?"

Bi Vijiko akatazama mikono yake. "Mhasibu. Ameshafariki."

Binti akamgeukia. "Mama!"

"Nimesema ni mhasibu."

Afisa hakumgombeza. Alifungua jalada, akaanza kumsomea malipo yaliyotoka kwenye akaunti ya kampuni, moja moja, labda kuna atakalolikumbuka. Magari. Safari. Saruji ya nyumba ya mtu. Bi Vijiko anatikisa kichwa tu. Kisha afisa akasoma malipo madogo kuliko yote, ya miaka minane nyuma: gawio la mkurugenzi, tarehe kumi na nne, limelipwa kwa fundi wa majeneza na mwenye gari la mazishi.

"Rudia hapo," Bi Vijiko akasema.

Afisa akarudia. Ile hesabu Bi Vijiko aliijua kwa moyo, mpaka bei ya vishikio.

"Hizo bosi wangu hakutoa mfukoni mwake?"

"Hakutoa hata senti, mama. Zimetoka humu, kwa jina lako. Zimeandikwa kuwa ni malipo yako wewe."

Loo! Hasira na aibu vilimjia pamoja. Miaka minane! Miaka minane anafuta kikombe cha mtu yule, anainama, anasema ahsante bosi, na kumbe mumewe alizikwa kwa bei ya jina lake yeye mwenyewe. Na kazi ya shuleni ameikataa. Alilia bila kujificha, binti akamshika bega, na afisa akangoja.

Alipokwisha kulia alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akafungua kopo la biskuti. Akachambua madaftari mpaka akalipata la miaka tisa iliyopita, kurasa zimegeuka njano na zina madoa ya chai.

"Ile karatasi ya kwanza kabisa ina tarehe gani?"

"Tisa, mwezi wa kumi na mbili."

Akalamba kidole, akafunua, akasoma. "Tarehe tisa, chumba cha bosi, vikombe vinne. Bosi, kijiko kimoja. Mwanasheria wa bosi, viwili. Mgeni mrefu wa ofisi ya kodi, mwenye pete mbili, vinne."

Kalamu ya afisa ikasimama. Akatazama nje kwenye korido, ambako watu wa ofisi ile walikuwa wakipita na majalada yao. Akainuka, akaufunga mlango, akazungusha ufunguo.

"Yuko humu mpaka leo," akasema taratibu. "Ndiye mkubwa wangu. Endelea, mama."

Mstari uliobaki ulikuwa mmoja. Angeweza kuuruka, hakuna ambaye angejua. Binti aliyekuwa akichungulia begani aliuona, akaubana mkono wa mama yake.

"Na mimi," Bi Vijiko akasoma. "Viwili."