Mwanaidi na Msitu wa Kijiji cha Pili

Jamani, kichwa changu kinakataa. Mwanaidi amefariki? Huyu huyu wa dawati la pembeni yangu?

Alhamisi alilalamika kichwa kinamuuma. Nikamwambia nenda nyumbani. Akasema, "Acha nimalizie ramani hii." Ijumaa kaka yake akanipigia kutoka hospitali: mshipa wa kichwani umepasuka. Jumamosi tumemzika. Yaani hivyo tu? Eish.

Kwa msiomjua: Mzigua wa Tanga, mkazi wa mtaa wa Observatory, mcheshi kupita kiasi. Mimi Mkenya, basi kila siku, "Dada, Kiswahili chako kina mawe, kichambue kwanza!"

Kazi yetu pale Midrand, huku kusini mwa Afrika, ni kutazama picha za satelaiti za misitu inayosimamiwa na vijiji vyenyewe. Tunakadiria kaboni iliyohifadhiwa kwenye miti, vijiji vinalipwa kwa kutoikata.

Siku moja kwenye presentation, msitu wa kijiji kimoja cha kwao Tanga ulikuwa umestawi kweli kweli. Kijani tupu. Tukapiga makofi.

Mwanaidi akasimama. "Sogezeni picha pembeni kidogo."

Kijiji jirani. Pori limegeuka matanuri ya mkaa na mashamba ya mahindi.

Bosi akasema, "Mwanaidi, hapo ni nje ya project."

"Najua, bosi. Lakini waliozuiwa huku ndio wamehamia kule. Sasa tumehifadhi nini?"

Bosi akarudisha picha ya kwanza.

Mwanaidi akachukua leave yake mwenyewe, akaenda hicho kijiji jirani. Alirudi amechanganyikiwa kuliko alivyoondoka.

Tulikuwa kwenye gari lake, tumesimama kwenye robot, taa za barabarani, akaniambia: "Nilienda na hasira zangu. Mama mmoja akaniuliza, 'Wenzetu msitu ni wao, wanajua. Hili pori si letu, si la yeyote. Tulilinde kwa ajili ya nani?'" Taa ikawa kijani, yeye kaganda tu, watu wanapiga honi.

Tangu hapo aling'ang'ana: kijiji cha pili nacho kisaidiwe kupata msitu wake. Meeting baada ya meeting. Bosi akawa anamkwepa koridoni! Mwezi uliopita wakakubali.

Nikadhani atafurahi. Akaniuliza, "Na hawa wakifunga msitu, wakataji si wataenda kijiji cha tatu?"

Nilimwambia sijui. Mpaka leo sijui.

Leo asubuhi imeingia voice note kwenye simu ya ofisi. Ni yule mama wa kijiji cha pili, sasa ni mwenyekiti wa kamati ya msitu: "Mwanaidi mwanangu, mipaka tumeshaweka. Njoo utufundishe kupima miti."

Niliandika, nikafuta. Mwishowe nikampigia, nikampa habari za msiba.

Alilia. Halafu akauliza, "Sasa atakuja nani?"

Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi, mama."

Sijui imetoka wapi. Mimi ni mtu wa kompyuta, sijawahi kupima mti hata mmoja maishani.

Mwanaidi, rafiki yangu, Mola akupokee. Wewe lala, dada. Lala kwa amani. Mimi naenda Tanga.